Siku Bi Mdogo Alipopotelea Ndani ya Kompyuta

Asubuhi ile haikuwa na jambo. Mke wangu aliamka kabla yangu, kama kawaida. Akachemsha maji. Akaniita mara moja, nikaitika bila kufumbua macho. Akaniita tena kwa lile jina la utani ambalo sitaliandika hapa, nikaamka.

Tulikunywa chai na mkate uliolala. Akalalamika kwamba natafuna kwa kelele. Nikamwambia mkate ndio wenye kelele. Akasema hakuolewa na mkate. Kisha akaenda chumba cha mbele kuwasha kompyuta, nikamsikia akizungumza nayo: "Amka, mama, amka, kumekucha, wenzako wako kazini." Nikasikia kitufe. Nikasikia feni. Nikamsikia akicheka peke yake.

Mchana alisema kifua kinambana. Hospitali tulikwenda kwa miguu yetu, wote wawili. Nilirudi mwenyewe.

Msibani watu waliniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Maneno mimi sina. Yeye ndiye aliyekuwa nayo, ya kwake na ya kwangu. Nikaona bora nieleze siku moja tu, ile ya Bi Mdogo. Aliyeijua siku ile amemjua.

Alikuwa mpiga chapa. Si wa juzi. Alianzia kwenye zile mashine za chuma, kwenye ofisi moja ya serikali. Mabosi walikuja wakaondoka, yeye na mashine yake wakabaki. Mtaa mzima ulimwita Mama Chapa. Alipostaafu akageuza chumba chetu cha mbele kuwa duka la kuchapa. Meza moja, kompyuta moja, printa moja, kiti cha mteja, na kiti changu. Kazi yangu ilikuwa kubana karatasi kwa stepla na kunyamaza. Zote mbili alinisifia.

Shule sikwenda. Herufi alinifundisha yeye, ukubwani, kwenye kibodi ya kompyuta. Kwa hiyo nazijua kwa mpangilio wa kibodi. Mtu akiniambia nizitaje tangu mwanzo, naanza na Q. Watu hucheka. Yeye alikuwa akiwauliza, "Nyie mlioanza na A mmefika wapi?"

Bahati nzuri nilijifunza mapema, kwa maana baadaye herufi zilifutika. Vidole vyake havikusahau chuma. Aligonga kibodi kama anaua mende. Kitufe cha mshale wa kushuka kiling'oka kabisa, pakabaki shimo, akawa anabonyeza kwa kifuniko cha kalamu.

Binti yetu ni fundi wa kompyuta, mji mwingine. Mtu mzima, ana watoto wakubwa. Alikuja kutusalimia akaikuta mashine ya mama yake ni nzito. Ukiiwasha, unaweza kwenda kuoga ukarudi ukaikuta bado inafikiri. Akakaa nayo siku nzima. Jioni akatuita.

"Mama, sasa humu ndani kuna mifumo endeshi miwili. Ule wa zamani upo palepale. Na kuna huu mpya, mwepesi. Wote wanaishi kwenye mashine moja, ila hawawi macho kwa wakati mmoja. Ukiwasha, itakuja orodha. Unachagua nani aamke."

"Kila mmoja ana chumba chake?" mke wangu akauliza.

"Kila mmoja na chumba chake, kwenye diski."

"Wanagombana?"

"Wakati mwingine."

Mke wangu akanigeukia. "Mzee, tumeleta wake wenza ndani."

Basi toka siku hiyo ule wa zamani ukawa Bi Mkubwa, huu mpya ukawa Bi Mdogo. Na kweli walikuwa hivyo. Bi Mkubwa alikuwa mzito, mlafi, anauliza maswali, halafu anapenda kujisasisha wakati mteja amesimama mlangoni. Mke wangu alisema anajipodoa. Bi Mdogo alikuwa mwepesi, hana makuu. Kila alipofunguka alitoa picha ya ndege mnene aliyevaa kama anakwenda harusini. Hata saa walibishana. Ukitoka kwa Bi Mdogo ukaingia kwa Bi Mkubwa, unakuta saa ya Bi Mkubwa imerudi nyuma. Binti yetu alisema hilo lina sababu yake ya kifundi. Mke wangu alisema ni wivu.

Kazi zake zote za maana akazihamishia kwa Bi Mdogo.

Sasa, nyuma ya mtaa wetu kuna shule ya msingi. Mwalimu Mkuu alimpa mke wangu kazi ya kuchapa mitihani ya kufunga muhula, darasa la kwanza mpaka la saba. "Mama Chapa," alimwambia, "isivuje." Haikuvuja. Walimu waliandika maswali kwa mkono, mke wangu akayachapa, na kila alipomaliza darasa moja alizichoma zile karatasi za mkono kwenye jiko letu, Mwalimu Mkuu akitazama, mpaka zimekuwa majivu. Kwa hiyo mitihani ilikuwa mahali pamoja tu duniani. Chumbani kwa Bi Mdogo.

Ilibaki kuitoa kwenye printa. Mwalimu Mkuu angekuja kuichukua adhuhuri, watoto wafanye kesho yake.

Jioni kabla ya siku hiyo mke wangu alimfungua Bi Mkubwa kidogo, kwa ajili ya mteja mmoja. Bi Mkubwa akaanza kujipodoa. Akaandika kwenye kioo kwamba asizimwe. Tukamwacha na wanja wake, tukaenda kulala.

Asubuhi mke wangu akawasha. Orodha ya kuchagua haikuja. Bi Mkubwa akafunguka moja kwa moja, kapendeza, na picha mpya ya milima. Mke wangu akazima, akawasha. Milima. Akazima, akawasha. Milima.

"Mzee," akasema, "Bi Mdogo hayupo."

"Labda katoka."

Akanitazama. Nikachukua stepla yangu nikaifuta vumbi.

"Mitihani haijavuja," akasema. "Imezama."

Akampigia binti yetu. Simu akaiweka juu ya printa, sauti ya nje, ili mikono yake iwe huru. Mke wangu kwenye simu alipiga kelele, hakuamini kwamba mtandao unatosha kufikisha sauti. Na ukuta wetu na wa jirani ni wa mbao. Jirani ni fundi cherehani, mama mmoja mwema, ana masikio. Cherehani yake ikinguruma, jua anashona. Ikinyamaza, jua anatusikiliza.

Ilinyamaza.

"Mwanangu, Bi Mkubwa kamfukuza Bi Mdogo!"

"Hajamfukuza, mama," binti akasema. "Kamfungia mlango tu. Bi Mdogo yumo ndani."

"Nimtafute wapi? Baba yako huyu hapa, kakaa kimya kama hayamhusu!"

"Muache baba, hana kosa."

"Najua hana kosa! Lakini hii mitihani ya mwaka huu, mwanangu, itaniua!"

Fundi cherehani hakujua habari za shule. Alichosikia ni mwanamke mtu mzima anayelia na mitihani ya dunia, bi mdogo kafichwa ndani, na mzee kanyamaza. Akachukua simu yake akampigia dada mkubwa wa mke wangu.

Shemeji yangu huyo ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa imepita mikononi mwake, na mpaka leo akikasirika anawatazama kama anaweza kuwarudisha walikotoka. Alikuja kwa pikipiki. Hakubisha hodi. Mkononi ana mwavuli, na mvua hakuna.

"Yuko wapi?"

"Karibu, shemeji," nikasema.

"Wewe nyamaza."

Nikanyamaza. Ndiyo kazi yangu.

Akapita mpaka chumbani. Akafungua kabati. Akainama chini ya kitanda, nikamsikia akipiga chafya. Akarudi na soksi yangu iliyopotea zamani, akanitupia.

"Mdogo wangu," akamwambia mke wangu, "nionyeshe huyo Bi Mdogo."

Mke wangu hakuinua kichwa. Macho kwenye kioo, kifuniko cha kalamu mdomoni. "Yumo humuhumu, dada, ila hatumwoni."

"Kajificha?"

"Kafichwa. Na Bi Mkubwa."

"Bi Mkubwa si ni wewe?"

"Mimi nina muda huo?"

Shemeji akavuta pumzi. "Usiku kalala wapi?"

"Kwenye diski."

"Disko!" Akanigeukia. "Na magoti hayo!"

"Diski, shemeji," nikasema.

"Nimesema nyamaza. Ana umri gani huyo mtoto wa watu?"

"Ana miezi tu," mke wangu akajibu, bado anabonyeza. "Binti yetu ndiye aliyemleta."

Shemeji akakaa. Hakukusudia kukaa. Kilikuwa kiti changu. "Binti yenu... kamtafutia baba yake..."

"Kanitafutia mimi. Alisema nitapumzika. Na nisiseme uongo, dada, nilipumzika. Hali sana, hana kelele, ukimwita anakuja. Nilimkabidhi kila kitu changu."

Kwenye simu kulikuwa na mlio kama wa kuku anayekabwa. Alikuwa binti yetu anacheka. "Mama mkubwa, shikamoo! Ni kompyuta! Bi Mdogo ni programu, imo ndani ya kompyuta!"

Shemeji akaitazama simu. Akaitazama kompyuta. Akaitazama soksi mkononi mwangu.

"Marahaba," akasema.

Ndipo mke wangu alipoelewa. Alicheka mpaka akashika meza kwa mikono miwili. Kifuniko cha kalamu kikaruka. Kisha akakumbuka, na kicheko kikakatika kama maji ya bomba.

"Dada, leo sina nafasi ya kucheka. Mwalimu Mkuu anakuja adhuhuri. Nisipompata huyu, kesho watoto wa shule nzima watakaa mbele ya karatasi nyeupe. Na mimi sitaaminiwa tena hata kuchapa bahasha."

Nilidhani shemeji ataondoka. Kumbe alivua viatu. Akasimamisha mwavuli kwenye kona. Akaja nyuma ya kiti cha mdogo wake, akaitazama ile mashine juu mpaka chini.

"Kakaa vibaya," akasema. "Tutamgeuza."

Binti yetu akaanza kuelekeza. Mtandao ulikuwa unakuja na kukatika. Alisema mashine izimwe, iwashwe, na kabla picha haijatoka mama yake abonyeze kitufe fulani. Kilichotufikia sisi ni hiki:

"...efu mbili, mama! Efu mbili harakaharaka!"

Shemeji akapiga makofi ya masikitiko. "Umemwona huyu? Mama yake yuko kwenye dhiki, yeye anataka elfu mbili." Akafungua mkoba, akatoa noti, akaibandika juu ya kibodi. "Haya, chukua. Tuendelee."

"Mama mkubwa, F! Herufi F! F mbili! Kitufe!"

F naijua. Iko kati ya D na G. Nikanyoosha kidole nikabonyeza F, kisha nikabonyeza mbili. Nikajisikia mtu. Mke wangu akauondoa mkono wangu taratibu, kama unavyomwondoa paka kwenye sahani. Kumbe F mbili ni kitufe kimoja, kiko mstari wa juu kabisa. Mstari huo hakuwahi kunifundisha. Alisema ni wa watu wenye matatizo.

Akazima, akawasha, akabonyeza. Milima.

Akazima, akawasha, akabonyeza kwa vidole viwili. Milima.

"Mama," binti akasema, "unamzimaje?"

"Namzima. Kuna kuzima kungapi?"

"Huyo ukimzima halali. Anasinzia tu, jicho moja wazi, ili kesho aamke haraka. Ndiyo maana hakupi nafasi. Usichague kuzima. Chagua kuanza upya. Hapo ndipo anapolala kabisa, halafu anaamka."

Mke wangu akaegemea kiti. "Anajifanya kalala."

"Ndiyo, mama."

"Nilijua. Siku zote nilijua."

"Wapo hao," shemeji akasema. "Wodini nilikuwa nawajua kwa kope."

Mara ya tatu shemeji akashika usukani. Mkono mmoja begani kwa mdogo wake, macho kwenye ile taa ndogo ya mashine. Kioo kikawa cheusi. Feni ikanyamaza.

"Bado," shemeji akasema. "Usibonyeze. Pumua. Bado. Usikaze mabega."

Feni ikapiga kelele.

"Sasa! Bonyeza! Bonyeza, bonyeza, bonyeza, usiache! Bonyeza mama, unaweza! Bonyeza!"

Upande wa pili wa ukuta kitu kikaanguka. Nadhani ni mkasi.

Milima haikuja. Kilikuja kioo cha bluu na maandishi meupe. Kiingereza mke wangu alikijua cha barua za ofisini, akasoma mwisho kwanza kuona nani ametia sahihi. Hakuna aliyetia sahihi. Binti akamwambia atafute palipoandikwa mpangilio wa kuwaka. Akashuka mstari kwa mstari kwa kile kifuniko cha kalamu. Akafika. Palikuwa na majina mawili. La juu la Bi Mkubwa. La chini la Bi Mdogo.

Mke wangu aliligusa lile la chini kwa kidole, juu ya kioo.

"Yupo," akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Safi," binti akasema. "Sasa mpandishe, awe wa kwanza."

"Nani awe wa kwanza?" shemeji akauliza.

"Bi Mdogo, mama mkubwa."

"Haiwezekani."

"Dada," mke wangu akasema, "adhuhuri inakuja."

"Ije. Mkubwa ni mkubwa. Mwenzake kamkuta humu, kavumilia vumbi la nyumba hii, leo aambiwe rudi nyuma? Na mimi mwenyewe ni mkubwa, nitakuwa shahidi wa jambo hili?"

"Ni kompyuta, dada!"

"Leo kompyuta. Kesho?" Akanitazama. Nikatazama stepla.

Binti yetu kajaliwa subira, sijui kaitoa wapi. "Mama mkubwa, sikiliza. Bi Mdogo akitangulia, yeye ndiye anayekaa mlangoni na kuuliza nani aamke. Na ana adabu, anamtaja na mwenzake. Bi Mkubwa akitangulia hamtaji mtu. Anaingia zake tu."

Shemeji akafikiri. "Kwa hiyo anakaa mlangoni, kupokea wageni."

"Hasa."

"Si cheo."

"Si cheo. Ni kazi tu."

"Basi apande," shemeji akasema. "Ila mkumbuke nilikataa."

Mke wangu akabonyeza alama ya kujumlisha. Bi Mdogo akapanda. Mtandao ukakatika, ukarudi.

"...efu kumi, mama! Maliza na efu kumi!"

"Kumi!" Shemeji akaruka. "Sasa hivi ilikuwa mbili!" Akaichukua noti yake pale mezani, akairudisha mkobani, akafunga zipu.

Mke wangu tayari alikuwa ameshabonyeza F kumi. Kioo kikazima. Kikawaka. Orodha ikaja, majina yote mawili, kama zamani. Akamchagua Bi Mdogo. Hatukuona ndege mnene. Tuliona kioo cheusi na mistari myeupe inayokimbia kwenda juu.

"Anajikagua," binti akasema. "Msubirini. Msizime. Nawaambia ukweli, sijui..."

Simu ikakatika kabisa.

Tukakaa. Mistari inakimbia. Kisha nikamsikia mke wangu anasema polepole, kama mtu anayesali.

"Swali la kwanza. Taja wanyama watatu wanaofugwa nyumbani. Swali la pili. Jua huchomoza upande gani. Swali la tatu..."

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nakumbuka. Hili darasa la pili. Kama kapotea, nitaandika yote upya kwa Bi Mkubwa. Nianze sasa, kabla sijasahau."

Madarasa saba. Ningemwambia nini? Nikamwambia, "Nitakubania."

Akanifinya goti. Akaendelea. "Swali la tatu. Nyuki ana miguu mingapi."

"Minne," shemeji akasema.

"Sita, dada."

"Tangu lini?"

"Swali la nne..."

Mistari ikasimama. Kioo kikawa cheusi tupu. Sote watatu tukasogea mbele, vichwa vikagongana. Na pale pale ndege mnene akatokea, na suti yake, hana wasiwasi wowote. Mke wangu akafungua chumba cha Bi Mdogo. Mitihani ilikuwa ndani, imepangwa, darasa la kwanza mpaka la saba.

Shemeji akainua mikono juu. "Katoka! Katoka mzima!"

Mlangoni alikuwa amesimama Mwalimu Mkuu, mkoba kwapani. Hatukujua kafika saa ngapi. Alimjua shemeji. Kila mtu anamjua shemeji na kazi yake. Akavua kofia.

"Hongereni sana," akasema kwa sauti ya chini. "Mtoto gani?"

"Saba," nikamjibu.

Akashika fremu ya mlango.

"Wote wazima," shemeji akasema. "Pita, mwalimu. Usikanyage viatu vyangu."

Printa ikaanza. Mke wangu anatoa, mimi nabana, shemeji anahesabu na kukosea. Fundi cherehani akaja kuazima mkasi. Fundi cherehani, mkasi. Alipewa, akasimama nao mlangoni, anachungulia pembe zote za chumba. Mwishowe uvumilivu ukamwisha. "Mgeni wenu yuko wapi?" Mke wangu akamwonyesha yule ndege mnene. Fundi cherehani akamtazama kwa muda, akasema kwamba koti kalishona vizuri, akarudi kwake.

Mwalimu Mkuu akafunga bahasha, akatia sahihi juu ya gundi, akamwambia mke wangu kwamba muhula ujao kazi ni yake tena. Mke wangu akajibu "tutaona," kama mtu mwenye maombi mengi mezani. Mwalimu alipoondoka, mke wangu aliiweka mikono yake kitini. Akaikalia.

Shemeji akavaa viatu. Akachukua mwavuli. Akafika mlangoni, akageuka.

"Hebu nikuulize. Ingekuwa kweli je? Mtu kabisa, na begi lake, kasimama hapa mlangoni. Ungemfanya nini?"

Mke wangu alinigeukia. Alinitazama vile alivyokuwa akitazama ukurasa kabla ya kuuchapa, mstari kwa mstari, anatafuta makosa. Mimi nilikuwa nimejibana kidole gumba kwa stepla na sikutaka ijulikane. Akamwambia dada yake hivi, na hivi ndivyo alivyosema:

"Ningempa kiti. Halafu ningemwambia, mwenzangu, huyu wa humu anachelewa kuwaka. Usimbonyezebonyeze. Msubiri. Akishawaka, hazimi."